Saa Iliyokuwa Ukutani Tayari

Siku ile mjinga alikuwa Rabson. Tulimalize hilo mapema, maana mwenyewe hakatai, na ukikutana naye leo atakusimulia kabla hujamuuliza.

Rabson alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba mjini Tunduma. Nyumba yao ilipakana na ukuta wa shule. Kengele ya kwanza ilimkuta akitafuta soksi, ya pili ilimkuta mstarini, shati limechomekwa upande mmoja. Tangu darasa la kwanza hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Sifa zote za jambo hilo alijipa yeye; ukuta hakuupa hata kidogo.

Violet, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa na asubuhi za namna nyingine. Aliishi na bibi yake upande wa Nakonde, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka. Siku nyingine alifika wa kwanza. Siku nyingine alifika wenzake wamekwisha kuingia darasani, mwalimu wa zamu akamwandika kwenye daftari la wachelewaji, naye akaja kuketi pindo la sketi limelowa.

"Leo umevuka mto gani?" Rabson alimtania. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi kali na vumbi, mvua wameisahau.

"Ule unaopita kichwani kwako," Violet alijibu, akafungua daftari lake.

Utani huo uliwatosha mpaka siku kamati ya shule ilipobandika tangazo. Mwanafunzi yeyote wa darasa la saba aliyechelewa zaidi ya mara tano kwa mwezi angeondolewa kambini. Kambi ndiyo yale masomo ya ziada ya kujiandaa na mtihani wa mwisho, na ilikuwa ianze baada ya wiki tatu. Violet alikuwa amechelewa mara saba. Kwa bibi yake hakukuwa na vitabu wala mtu wa kumwelekeza. Kambi ikimponyoka, mtihani ungemkuta peke yake.

Siku ile Violet hakutania. Alilisoma tangazo mara mbili, akaenda kukaa.

Mwalimu Ferista, aliyefundisha Maarifa ya Jamii na kusimamia klabu ya utafiti, aliiomba kamati isiamue kwa hasira. Klabu itafute kwanza sababu ya wanafunzi kuchelewa, halafu ndipo kamati ikae. Wakakubaliana Jumatano ya wiki iliyofuata. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Rabson.

"Sasa sikiliza," Mwalimu Ferista alimwambia. "Kabla hujamuuliza mtu swali hata moja, tafuta nani amekwisha kuliuliza. Watu wa hapa wamekuwa wakichelewa kabla hujazaliwa. Lazima kuna aliyeandika kitu. Kitafute, ukisome."

"Ndiyo, mwalimu," Rabson alisema, kwa ile sauti ya mtu anayekubali ili aachiwe aende zake.

Ya nini asome makaratasi ya zamani wakati wachelewaji wenyewe anawaona kila siku getini? Zaidi ya hayo, jibu alikuwa nalo. Lilimjia akiwa anapiga mswaki. Hapa Tunduma ikiwa saa moja asubuhi, kule Nakonde ni saa kumi na mbili. Saa za ng'ambo ziko nyuma kwa saa nzima. Mtoto anaamka kwa saa ya Zambia, anakuja shule ya Tanzania, atafikaje mapema? Rabson alijiona amegundua kitu ambacho serikali mbili zilikuwa zimekipita bila kukiona.

Akachukua karatasi, akaandika swali moja na majibu matatu ya kuchagua. Unachelewa kwa sababu gani: saa ya kwenu iko nyuma, shule iko mbali, au uvivu? Aliwapa wachelewaji kumi na wawili, wote wanaoishi ng'ambo. Tisa walichagua saa. Kazi ikaisha ndani ya mapumziko mawili, muda wa kucheza mpira ukabaki.

Jumatano ilipofika, Rabson aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, mahali kamati ilipokutania, akiwa amechomeka shati pande zote mbili. Mzee Ezron, mwenyekiti wa kamati, alikaa katikati. Kando yake alikaa Mama Anastazia, muuza mchele wa Msangano pale sokoni, mjumbe wa kamati tangu enzi ambazo wengine walikuwa bado wanavaa sare. Mwalimu Ferista alikaa karibu na mlango.

Rabson alisoma ripoti yake kwa sauti ya mtangazaji. Akaeleza habari ya saa mbili, akataja tisa kati ya kumi na wawili, akamalizia kwa mapendekezo.

"Kwa hiyo napendekeza shule iwapatie wanafunzi wa mpakani saa kubwa ya ukutani yenye majira ya Tanzania, itundikwe mahali wanapopita, ili wasidanganywe na saa za ng'ambo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Anastazia alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Baba," akasema, "hebu geuka utazame nyuma yako."

Rabson akageuka. Ukutani palikuwa na saa kubwa, vumbi limejaa kiooni, mishale imelala saa nne na dakika kumi. Chini yake palikuwa na kibao kidogo kilichoandikwa kwa mkono: Kwa wanafunzi wetu wa mpakani, mjue saa ya Tanzania.

"Miaka tisa iliyopita nilikaa kwenye kiti hikihiki," Mama Anastazia aliendelea. "Tulisimuliwa habari hii, neno kwa neno. Tukanunua saa, tukaitundika njiani kule kwenye kibanda cha mlinzi. Watoto wakawa wanaitazama vizuri kabisa, wakipita wamechelewa. Betri zilipokwisha hakuna aliyejua, mpaka kibanda kilipobomolewa ikarudishwa hapa."

Wajumbe walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Rabson alitamani ile saa imwangukie.

Lakini Mzee Ezron hakucheka muda mrefu. "Basi kama saa tuliwapa na bado wanachelewa, sababu ni moja tu. Ni uzembe. Tufuate tangazo letu, tuwaondoe."

Hapo kicheko kikamtoka Rabson masikioni, akabaki na jambo zito zaidi. Alikuja kumtetea Violet, naye kwa mdomo wake mwenyewe amempatia mwenyekiti sababu ya kumfukuza.

Mwalimu Ferista alisimama. "Mwenyekiti, naomba wiki moja. Kosa la mwanafunzi wangu lisiwaangukie wenzake."

Wakampa wiki moja, na Mzee Ezron akaiandika tarehe kwa herufi kubwa.

Violet alikuwa anangoja nje. Habari zilikwisha kumfikia. Katika shule ile habari hazihitaji mlango.

"Sasa kwa nini ulichagua saa, kama si saa?" Rabson aliuliza, sauti ikikaribia kulia. "Si ulitia alama wewe mwenyewe?"

"Ulinipa majibu matatu, mheshimiwa mtafiti. La kwanza linasema sijui saa, la pili linasema shule iko mbali na mimi naliona paa lake nikiwa nyumbani, la tatu linasema mimi mvivu. Nikachagua lile lenye tusi dogo." Akavuta begi lake begani. "Sisi wa mpakani tunajua saa zote mbili tangu tukiwa tumebebwa mgongoni. Ungeniuliza ningekuambia."

"Nilikuuliza."

"Ulijiuliza mwenyewe, mimi ukanipa kalamu."

Kesho yake Rabson hakwenda kucheza mpira. Alibisha mlango wa ofisi ya walimu, akasalimia shikamoo, akasimama. Mwalimu Ferista alimwitikia, wala hakumsema. Alimsogezea kiti, jambo lililomuuma zaidi kuliko kusemwa.

"Umepoteza wiki kwa kugundua kitu kilichogunduliwa," alisema. "Tuanze pale nilipokwambia. Mama Anastazia ametupa mlango wa kwanza. Kamati ikikaa, nani anaandika?"

"Katibu."

"Anaandika wapi?"

Kwenye kitabu cha mihtasari. Kilikuwa kabatini, chini ya mabuku ya mahudhurio. Walikuta kikao cha miaka tisa nyuma, sababu iliyotajwa, saa iliyonunuliwa, na kurasa chache mbele, mstari mmoja ambao hakuna aliyeusoma tena: baada ya muhula mzima, idadi ya wachelewaji haijapungua.

Baadaye Mwalimu Ferista alimpa simu yake atafute mtandaoni. Rabson akaandika: kuchelewa shule Tunduma. Ikaja habari ya malori yaliyochelewa forodhani, ikaja habari ya mchezaji aliyechelewa uwanjani, kisha tangazo la dawa ya kuku.

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Hakuna kitu chenye jina ulilokipa wewe. Wewe unasema kuchelewa. Mwenzako aliyesoma chuo anaweza kusema nini?"

Rabson alifikiri. Akajaribu utoro. Yakaja mengi, lakini ya mbali, Mtwara na Tabora huko. Akajaribu mahudhurio, akaongeza shule za mpakani, akaongeza Songwe. Ukurasa ukafunguka polepole, na pale palikuwa na muhtasari wa tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa chuo aitwaye Nikodemo, aliyetafiti mahudhurio ya asubuhi katika shule za Tunduma miaka minne iliyopita. Mwishoni aliwashukuru walimu wa shule moja, na akasema amewaachia nakala.

Shule yenyewe ilikuwa ile ile yao.

Waliitafuta saa nzima. Waliipata kwenye meza ya ofisi ya walimu, machoni pa kila mtu, jalada lake la bluu limejaa miduara ya vikombe. Kwa miaka minne walimu walikuwa wanawekea chai juu yake.

Nikodemo aliwahoji wazazi arobaini wa upande wa Nakonde. Alipata kwamba watoto wengi husaidia kutoa bidhaa na kufungua vibanda kabla ya shule. Rabson alipofika ukurasa wa mwisho akafunga kitabu.

"Hujamaliza," Mwalimu Ferista alisema. "Hiyo orodha ya mwisho ni ya nini?"

"Ni majina tu ya vitabu."

"Ni majina ya aliowasoma yeye. Mtu amekufanyia kazi ya kutafuta, halafu wewe unamfungia mlango."

Rabson akapitisha kidole kwenye orodha. Katikati yake palikuwa na ripoti ya shirika moja la watoto, lililowahi kuhesabu wanafunzi wanaovuka mpaka asubuhi. Nakala ilikuwa ofisi ya parokia, na katibu wa parokia alimruhusu aisome palepale, baada ya kunawa mikono. Wale walisema sababu ni malori: foleni yake huziba vichochoro, watoto hukwama.

Sasa alikuwa na maandishi matatu, na majibu matatu yasiyofanana. Kichwa kikamuuma. "Mwalimu, nimwamini nani?"

"Bado hatuamini mtu. Tunawaketisha pamoja waongee."

Akampa karatasi kubwa ya manila. Rabson akachora mistari, akaandika kila mmoja aliandika mwaka gani, aliwauliza akina nani, aliwauliza vipi, akapata nini. Safu ya mwisho Mwalimu Ferista aliiandika yeye: Nani hakuulizwa?

Safu hiyo ilikaa tupu Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Jumapili jioni Rabson alikuwa amelala kifudifudi juu ya manila, anasoma majedwali ya Nikodemo ambayo mara ya kwanza aliyaruka kwa sababu yana tarakimu. Chini ya jedwali moja palikuwa na maandishi madogo sana. Katika muhula ule waliandikwa wachelewaji hamsini na wanane. Ishirini na saba walikuwa wa upande wa Nakonde. Thelathini na mmoja wa upande wa Tunduma hawakuhusishwa katika utafiti.

Alisoma tena. Thelathini na mmoja. Zaidi ya nusu ya wachelewaji walikuwa wa upande huuhuu, na hakuna aliyewauliza kitu. Kamati haikuwauliza, Nikodemo hakuwauliza, shirika halikuwauliza. Rabson naye, aliyejiona hafanani na mtu, alikuwa amewapa dodoso wa ng'ambo peke yao. Wote wanne walianza na neno mpakani vichwani mwao, wakaenda kuulizia mpakani, wakarudi na mpaka.

Jumatatu aliomba daftari la wachelewaji la mwezi ule, akalipanga kwa siku. Jumatatu watatu, wanne. Jumatano hivyohivyo. Alhamisi mmoja. Lakini kila Jumanne na kila Ijumaa walikuwa hawapungui kumi na watano. Majina yalikuwa ya pande zote mbili, ila mtaa karibu wote ulikuwa mmoja, ule wa bondeni unaogusa mpaka. Akaona jambo jingine. Ndugu wawili wa ng'ambo, wanaoishi nyumba ya tatu kutoka kwa bibi yake Violet, hawakuwahi kuandikwa hata mara moja. Saa yao ni ile ile. Njia yao ni ile ile, malori yale yale.

Safari hii alimwendea Violet bila karatasi.

"Violet, Jumanne ukiamka unafanya nini mpaka unafika hapa?"

Violet alimpima kwa macho kama hili ni swali au utani. "Kesho Jumanne," akasema. "Njoo bondeni saa kumi na moja na nusu. Vaa sweta."

Rabson alikwenda. Kulikuwa na giza bado na baridi ya kuuma meno. Penye kioski cha maji cha mtaa palikuwa na mstari mrefu wa madumu, ya njano na ya bluu, yamepangwa kama wanafunzi. Mtaa ule ulipata maji kwa mgao, Jumanne na Ijumaa alfajiri, na wa ng'ambo walio karibu walichota hapohapo pia. Sheria ya pale ilijulikana na kila mtu: dumu lisilo na mtu linarudishwa mwisho. Kwa hiyo kila dumu lilikuwa na mtu wake, na mtu mwenyewe mara nyingi alikuwa mtoto, kwa kuwa mama zao saa ile walikuwa njiani kwenda sokoni. Rabson alimwona Osea wa darasa la sita, mtoto wa upande wa Tunduma kabisa. Akawaona wadogo wa darasa la nne, wamevaa sare chini ya masweta.

"Wale ndugu wawili jirani zako je?" akauliza.

"Wana kisima uani," Violet alisema. "Shika dumu la bibi, nikalete la pili."

Rabson alishika. Kisha akamwona Osea, akaenda hatua kumi kumsalimia. Aliporudi, dumu la bibi lilikuwa mwisho wa mstari.

"Samwel," alimlalamikia mhudumu wa kioski, "nilikuwa hapa sasa hivi."

"Ulikuwa pale," Samwel alijibu bila kuinua macho. "Hapa lilikuwa dumu."

Maji yalimfikia Rabson jua limekwisha kutoka. Waliyafikisha nyumbani yakiwamwagikia miguuni, wakakimbia. Mwalimu wa zamu alipomwona getini alisugua macho, kisha akaandika. Namba kumi na saba: Rabson. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Umevuka mto gani?" Violet alimuuliza wakiwa dawatini.

Kesho yake, Jumatano, Rabson alisimama tena mbele ya kamati. Hakuleta sauti ya mtangazaji. Alibandika ile manila, akaanza kwa kusema akina nani waliuliza swali hili kabla yake, walipata nini, na akina nani hawakuulizwa. Nikodemo hakukosea, alisema. Wapo wanaofungua vibanda, ndio wale watatu wanne wa kila siku. Malori nayo yapo. Lakini kundi kubwa linachelewa Jumanne na Ijumaa, nalo liko kwenye mstari wa madumu, wa pande zote mbili. Akaonyesha daftari la zamu. Akaonyesha na jina lake.

Mama Anastazia alimwita Samwel na mwenyekiti wa mtaa siku ileile. Haikuchukua muda. Samwel alisema pampu ikiwashwa mapema usiku wa kuamkia siku ya mgao tangi hujaa. Akaahidi siku hizo bomba moja kati ya mawili liwe la wanafunzi waliovaa sare mpaka saa kumi na mbili na robo. Ijumaa ile waliandikwa wachelewaji watano. Kamati ikafuta tangazo, na kambi ilipoanza Violet alikaa mstari wa mbele, sketi kavu.

Lakini siku ile ya kikao, kabla wajumbe hawajatawanyika, Mwalimu Ferista alimgeukia Rabson mbele ya wote.

"Umeona sasa? Kusoma kazi za waliotangulia hakumaanishi kuwaamini wote, wala kuwacheka. Unasoma ili ujue walifika wapi, waliteleza wapi, na wapi hawakukanyaga kabisa. Pale wasipokanyaga ndipo pa kuanzia wewe. Usiposoma, utatumia nguvu zako kurudia ya wenzako, na kosa lao utaliita ugunduzi wako."

Rabson aliitikia ndiyo mwalimu, na safari hii ilikuwa ndiyo ya kweli.

Mzee Ezron alitikisa kichwa. Hakupenda kushindwa, hasa na manila. "Mimi bado sioni faida ya makaratasi hayo," alisema. "Watu watatu wameandika, hakuna aliyetaja maji. Sasa kijana alikuwa na haja gani ya kuwasoma? Angekwenda moja kwa moja kwa watu, akawauliza, yakaisha."

Mama Anastazia alikuwa amekwisha kusimama, anajifunga kitenge arudi kwenye mchele wake.

"Alikwenda moja kwa moja wiki iliyopita, mwenyekiti," alisema, akainyooshea kidole saa ya ukutani. "Akaturudishia ile."